Vifuniko Viwili na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu. Amepewa chumba nilichokuwa nikikiita ofisi. Amekuja na sanduku moja na mto wake mwenyewe, maana mito ya watu haiamini. Alipoingia alinipa mkono, akaushikilia wangu kuliko desturi.

Kisa ni chokaa. Ilimrukia usoni alipokuwa akisimamia mafundi waliopaka ukuta wake. Jicho la kushoto, ambalo ndilo alilolitegemea maisha yake yote, limefunikwa na ukungu mweupe. La kulia ni dhaifu tangu utotoni: linaona mwanga na maumbo, sura halioni. Hata hivyo ukingo wake ni mzima, na ukingoni ndiko zinakokaa seli shina, zile zinazoumba upya ngozi ya juu ya kioo cha jicho. Leo asubuhi daktari wa macho ametoa kipande cha ukingo huo, kidogo kuliko punje ya mtama. Hakuna kipande cha pili. Akitoa kingine, alisema, atahatarisha na hilo jicho lililobaki.

Kipande kimeletwa maabara kwetu. Kazi yetu ni kuzikuza seli hizo juu ya utando laini wa jeli mpaka ziujaze, kisha utando ubandikwe kwenye jicho lililoungua. Ndani ya jeli tunatia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Nilimweleza mke wangu hivi: seli ni kama mtu anayepanda ukuta, asipopata pa kushika ataanguka na kufa. Peptidi ndizo vishikio. Akasema ameelewa. Akauliza kama mimi ndiye ninayezipandisha. Nikasema ndiyo.

Kwa kweli mimi hutengeneza jeli na kuosha vyombo. Lakini bila jeli hakuna ukuta.

Jioni mama mkwe aliisogelea picha yangu iliyo sebuleni. Nimevaa koti jeupe, nimeegemea hadubini. Akauliza mfukoni kumeandikwa nini, maana anaona weusi tu. Nikasema kumeandikwa Mkuu wa Maabara. Akasema mashallah, binti yake amepata mtu.

Kumeandikwa Vyombo na Usafi.

Nilipolala ndipo nilipokumbuka kwamba shabaha ya shughuli yote hii ni mama mkwe aone.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amekuja kumwona mama yake. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa mapaa, na viganja vyake vinaweza kutumika kama koleo. Yeye alitaka mama apelekwe hospitali ya mbali. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo na kusema maabara yetu yatosha. Nilisema kwa sauti. Kila mtu anakumbuka.

Shemeji alikunywa chai polepole. Kisha akasema, huku anatabasamu, kwamba yeye si mtu wa maneno mengi, lakini mama akipofuka nitamweleza vizuri tukiwa wawili tu, juu ya paa. Hakusema paa la nani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kazini nilikuwa nimeshaamua. Anayesimamia ukuzaji wa seli ni Bi Kipimo, mwanasayansi tuliyempa jina hilo kwa sababu hupima hata sukari ya chai yake. Yeye ndiye aliyeweka kiasi cha peptidi kwenye jeli. Mimi nikajiuliza: kishikio kimoja kikisaidia, viwili havitasaidia zaidi? Mama mkwe ni mzito, seli zake nazo haziwezi kuwa nyepesi. Nikatia mara mbili. Utando ukatoka mzuri, unang'aa. Sikumwambia mtu. Nilitaka matokeo yaseme yenyewe.

Saa ya kupanda seli ilipofika, Bi Kipimo akatoa utando mwingine, aliotengeneza kwa mkono wake. Profesa, mkubwa wetu, akauliza wa nini. Akajibu kwamba akiba haiozi. Basi seli zimegawanywa: nusu kwenye sahani namba moja, utando wangu, nusu kwenye sahani namba mbili, utando wake. Zote zimeingia kwenye kabati la joto.

Nimetukanwa mchana kweupe. Sawa. Tutaona nani ataoza.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeona.

Namba mbili: seli zimekaa bega kwa bega kama vigae vya sakafu, na pembeni zinaendelea kuzaana. Namba moja: kila seli iko peke yake, imejilaza bapa, imeshika jeli kwa kila upande. Haisogei. Haigawanyiki. Bi Kipimo alikodoa macho kwenye hadubini, kisha akaniambia: "Kaka, hizi zako zimeng'ang'ania kama kupe. Umetia nini humu?" Nikasema nimetia kilichoandikwa. Akasema, "Haya," kwa ile sauti ya mtu anayefunga mlango bila kuubamiza.

Profesa akasema tungoje. Seli inayoshika sana, alieleza, husahau kuwa shina. Hutulia, huzeeka, ndiyo basi. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake. Mimi nilikuwa naosha chupa karibu, nikafungua bomba lote nisisikie zaidi.

Nyumbani mama mkwe ananingoja kila siku mlangoni, amegeuza sikio barabarani. Seli zake anaziita wajukuu. Akauliza wajukuu wanaendeleaje. Nikasema wananenepa. Akauliza wamefanana na nani. Nikasema mapema mno kujua.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika hapa ili siku moja lijulikane lilikuwa la busara.

Namba za sahani huandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kifuniko. Sahani zenyewe ni mapacha, hakuna anayeweza kuzitofautisha. Leo Bi Kipimo alitoka kwenda kupokea mtungi wa gesi. Nikavaa glavu, nikafungua kabati, nikazitoa sahani mbili, nikavibadilisha vifuniko. Nilitoka jasho kwenye masikio, mahali ambapo sikujua kuna jasho. Lakini ilikwisha. Sasa sahani iliyostawi inaitwa namba moja. Ni yangu.

Hakuna aliyedhulumiwa. Seli ni zilezile za mama mkwe, na jicho litapata sahani nzuri. Ila nzuri itakuwa na jina langu. Shemeji atashuka kwenye paa lake na kunipa mkono.

Mchana Profesa aliangalia. Akasema namba moja imegeuka kabisa, tangu azaliwe hajaona mabadiliko kama hayo, na namba mbili imemsikitisha. Akanipiga begani. Bi Kipimo naye akaangalia, kwa muda mrefu. Kisha akaiinua sahani juu ya kichwa, akaitazama kwa chini kama anayekagua yai, akairudisha.

Wivu huo. Nimemwona akiumeza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwisha.

Profesa alituita chumbani kwake. Alisema sahani moja itakwenda kwenye jicho Jumatano ijayo. Nyingine itafanyiwa kipimo cha rangi, nacho huua: seli hutiwa dawa, hutiwa rangi, tukajua ngapi bado ni shina, kisha hutupwa. Mimi nikakaa sawa, nimeshaandaa uso wa unyenyekevu. Akaendelea: kwa kuwa fundi wetu wa jeli ni mkwe wa mgonjwa, isije ikasemwa tumependelea. Namba moja iende kwenye rangi. Namba mbili iende kwenye jicho.

Bi Kipimo akanigeukia. "Una neno, kaka?"

Profesa naye akanitazama. Wote wawili wakangoja, kana kwamba wana mchana wote.

Nikasema sina.

Sasa naandika mambo yalivyo, maana kichwani yanazunguka. Sahani nzuri imevaa kifuniko cha namba moja, itauawa. Sahani mbovu, yenye wale kupe wangu, imevaa kifuniko cha namba mbili, itabandikwa kwenye jicho la mama mkwe. Ukungu hautaondoka. Kipande cha pili hakipo. Mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Chakula hakikupita. Mke wangu akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema sina homa. Mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake kwamba mtu asiye na homa asiyekula ana deni au ana siri. Shemeji alikuwepo. Akaacha kutafuna.

Ijumaa, 14 Machi

Mpango: kurudisha vifuniko. Rahisi. Dakika chache tu za kuwa peke yangu chumba cha seli.

Kadi yangu imekataa mlango. Taa nyekundu. Nikaifuta kwenye suruali. Nyekundu. Nikaipulizia pumzi. Nyekundu. Nikamwita mlinzi wa mapokezi, akaijaribu, akanirudishia akisema: "Mzee, kadi ndiyo imekukataa, mimi sina ugomvi na wewe." Akashauri niende kwa msimamizi wa kadi. Msimamizi wa kadi yuko likizo.

Kupitia kioo cha mlango naliona kabati la joto. Lina taa ndogo ya kijani. Nilisimama hapo mpaka kioo kikajaa ukungu wa pumzi zangu, nikawaza jicho la mama mkwe, nikaondoka mbio.

Mchana ukaja mtungi mwingine wa gesi. Mleta mitungi ni bwana mnene, na mtungi ni mrefu. Nilijipanga nyuma ya vyote viwili, nikainama, tukaingia pamoja kama msafara. Tulipofika katikati ya chumba, bwana mnene akainama kufunga kiatu. Nikabaki nimesimama wazi mbele ya Bi Kipimo.

"Kaka," akasema, "siku hizi umehamia gesi?"

Nikasema nilikuja kumsaidia kusukuma. Bwana mnene akasema hamjui mtu huyu. Bi Kipimo akangoja. Ilikuwa nafasi, nakiri. Nikafungua mdomo, nikasema kwamba kadi yangu ina hitilafu. Akasema amesikia. Akanifungulia mlango wa kutokea.

Jumatatu, 17 Machi

Kama siwezi kuzifikia sahani, nitalizuia jicho.

Mgonjwa mwenye mafua hapasuliwi. Akikohoa, utando utang'oka. Asubuhi nikamwambia mama mkwe kwamba nasikia kifua chake kinakoroma. Akasema kifua chake hakijawahi kukoroma tangu azaliwe, labda ninasikia cha kwangu. Nikasema pengine apumzike, aahirishe, hata mwezi mmoja tu. Akasema, "Mkwe, mimi nimezaa watoto sita, wawili kati yao nikiwa na mafua. Jumatano nakwenda."

Nikafungua madirisha yote ili baridi imwingie. Jioni aliyekuwa akikohoa ni mimi. Nimehamishiwa sebuleni nisimwambukize. Nalala chini ya picha yangu.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe aliniita akiwa peke yake, anakunja nguo za hospitali kwa kupapasa. Akaniambia nikae. Nikakaa mbali, kwa adabu na kwa woga.

Akasema anaogopa. Hajawaambia watoto, maana mwanawe mkubwa akiogopa hupiga watu, na binti yake hulia. Tangu chokaa imwingie hajaona uso wa mtu. Husikia sauti tu zinazosema mambo mazuri. Binti yake humwambia hajanenepa, hana huzuni, nyumba ni safi. "Nataka nimwangalie mwenyewe," akasema. "Simu na sauti zinadanganya. Uso haujui." Akanyoosha mkono, nikampa wangu, akaushika, akaupapasa vidole kimoja kimoja, akaurudisha.

Akauliza kama wajukuu wako salama.

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno. Hapo shemeji akaingia na begi la mama yake, akauliza mbona nimepauka hivi. Nikasema ni mafua.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali. Mama mkwe aliingizwa akiwa amelala chali, anawaelekeza wauguzi namna ya kusukuma kitanda. Mke wangu alikaa benchi na mto wa mama yake mapajani. Shemeji alisimama, kwa sababu benchi lilimlalamikia.

Mimi nilikuwa na mpango wa mwisho: kumpiga kikumbo mwenye kubeba boksi la sahani, nijifanye nimeteleza. Boksi likaja. Aliyelibeba ni Bi Kipimo. Alikuwa akitembea polepole katikati ya ukumbi, hatazami pembeni. Badala ya kumpiga kikumbo nikapiga magoti mbele yake. Watu waligeuka. Mtu mmoja akadhani ni posa.

Nikasema yote. Vifuniko, peptidi mara mbili, mtungi wa gesi, hata madirisha. Nikasema iliyo ndani ya boksi ni mbovu, nikamshika koti asiingie.

Akanitazama kutoka juu. "Ungeiacha iingie?"

Nikasema hapana, nilikuwa nangoja dakika ya mwisho.

"Hii ndiyo," akasema. "Simama, unanichafulia koti. Utalifua mwenyewe."

Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili mke wangu asisikie. Kifuniko huteleza, huanguka, huazimwa. Kwa hiyo yeye hukwaruza namba kwa sindano chini ya kila sahani, tangu alipokuwa mwanafunzi. Siku ile ile aliinua sahani, akaisoma chini, akarudisha vifuniko mahali pake, akaenda kwa Profesa. Kadi yangu haikuwa na hitilafu, ilizuiwa makusudi. Kile kikao cha Alhamisi kiliitishwa ili niseme. Niliulizwa kama nina neno. Siku ya bwana wa mitungi ilikuwa nafasi ya pili. "Tumekungoja kama anayengoja mvua," akasema, "wewe unatuletea ngurumo tu."

Sahani yangu imeshatiwa rangi. Karibu seli zote zilikuwa zimesahau kuwa shina. Iliyo ndani ya boksi ni namba mbili, ya kwake, safi.

Akaingia. Mlango ukafungwa. Nikakaa sakafuni. Shemeji akaja, akachuchumaa, akauliza yule mama nilikuwa namwomba nini. Nikasema nilikuwa namtakia heri. Akasema kwao watu hutakiana heri wakiwa wima.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari alisema ukungu utaondoka kidogo kidogo, na ndivyo ulivyofanya. Juzi mama mkwe aliona dirisha. Jana aliona kuna mtu dirishani. Leo, baada ya chai, akavua kinga ya jicho, akafumba, akafumbua, akamwita binti yake amkalie mbele.

Alimtazama sana. Mke wangu hakuthubutu kupepesa.

"Umenenepa," mama mkwe akasema. "Na kwenye simu ulisema hapana." Kisha akamshika mashavu, wote wawili wakalia. Shemeji akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakukipata, akarudi na macho mekundu. Akanipa mkono. Vidole vyangu havijarudi sawasawa.

Ningeondoka wakati huo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini mama mkwe aliinuka, akaanza kukagua sebule. Akaona ufa wa dari, akamwonyesha mwanawe. Akaona vumbi juu ya kabati. Akafika kwenye picha. Nikasema nje kuna ndege mzuri. Hakugeuka.

"Vyombo," akasoma. Akasogea. "Na Usafi."

Shemeji alianza kucheka taratibu, kama lori linalowashwa asubuhi, na alipokolea ilibidi ashike ukuta. Nikatafuta uongo kila mahali, nikakuta ghala tupu.

Mama mkwe akaja kukaa karibu nami. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, aliponishika mkono akiingia. Mkuu gani wa maabara mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni kama vya dobi? "Nilinyamaza," akasema, "kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. Nikasema huyu angalau anaogopa. Asiyeogopa ndiye angeniua." Kisha akaomba chai nyingine, na safari hii kwenye kikombe kilichooshwa vizuri, maana sasa anaona.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetafakari mambo yote haya kwa utulivu.

Profesa amenihamisha. Sigusi tena chumba cha macho. Nimepelekwa ghorofa ya chini, kwa watu wanaokuza gegedu la magoti, ule mfupa laini wa kwenye maungo. Nao wana jeli, nao wana seli shina, nao wana peptidi. Nimepewa kazi ya kuosha tu, lakini chupa za peptidi zinakaa kwenye rafu iliyo juu ya sinki, mkono unafika.

Nimegundua nilipokosea. Mara mbili ilikuwa nusu ya njia: seli zilipata vishikio vya kutosha kukaa, hazikupata vya kutosha kutembea. Ilitakiwa mara tatu. Tena suala la vifuniko nimelielewa. Kifuniko peke yake hakitoshi. Nimejipatia sindano.

Leo mama mkwe alishindwa kuinuka kwenye kiti. Akasema goti la kulia linamsumbua siku nyingi, alikuwa halisemi kwa sababu ya jicho. Akauliza, kwa vile nipo pale pale, kama namfahamu mtu yeyote huko ghorofa ya chini.

Nikamwambia anaongea na mkuu wao.